Nyapara Asiyekohoa

Zaina mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naiona kwa macho. Umekaa kwenye mkeka barazani kwa Mama Kibwana, ng'ambo ya barabara, unasukwa nywele za safari, na kila akivuta unakunja uso. Mimi niko hapa dukani, nimeegemea kaunta, karatasi nimeikinga kwa boksi la spoku za baiskeli ili ukigeuka udhani naandika spea zilizokwisha. Kwa hiyo na mimi najificha. Utaona huko mbele kwa nini nimeanza na hilo.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Kiti cha kukaa, chakula cha njiani, namna ya kuishi kwa mama yako mdogo bila kumchosha, yote amesema, na mimi nilikuwa pembeni natikisa kichwa kama shahidi. Siyarudii.

Mimi nina jambo la jana.

Jana jioni uliniita chumbani kwako. Ukaniambia, "Baba, njoo ucheze. Nataka nione mtu asiyeijua anavyoicheza." Nikakaa mbele ya ile kompyuta ya mtumba, ukanionyesha vitufe vinne vya kwenda na kimoja cha kuinama, basi, ukanyamaza. Ulisema hivyo ndivyo itakavyokuwa Jumatano huko Dar. Wale jamaa wa programu za kompyuta wataleta watu watatu wasiokujua, watakaa wacheze gemu yako, na wewe huruhusiwi kufungua mdomo. Wakifika mwisho, unabaki, unafundishwa kazi na unalipwa. Wakiiacha njiani, unapanda basi kurudi Korogwe.

Nikacheza. Gemu nikaielewa mara moja, maana umeitengeneza kwa mambo ya huku kwetu. Kibarua wa shamba la mkonge amenyang'anywa kipande chake, ile kadi inayowekwa alama kila siku aliyomaliza kazi, na bila kipande hana malipo. Kipande kiko ofisini, juu ya meza. Kibarua lazima aingie getini, apite stoo, apite uwanja wa kuanikia nyuzi, afike ofisini akichukue, asionekane na nyapara. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili. Mtu hahitaji kuelezwa kwa nini anakitaka kile kipande.

Halafu nikakamatwa. Mara ya kwanza nilikamatwa getini, nikasema sawa, mimi mgeni. Mara ya pili nilijibanza nyuma ya marobota ya mkonge, kwenye kivuli kabisa, nyapara akageuka tu akanikamata. Mara ya tatu alitokea kwenye kona ambayo sikujua kama ina mtu. Na kila akinikamata narudishwa getini, mwanzo kabisa, hata ile mara moja ambapo nilikuwa nimebakiza hatua mbili niishike meza. Nilikamatwa mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo.

Ukaniuliza, "Unaonaje, Baba?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Picha zake safi."

Ukasema, "Asante, Baba," ukazima.

Nilikudanganya. Picha ni safi kweli, lakini watu wale watatu hawatafika ofisini. Wataishia stooni, wataangaliana, watasimama. Nilitaka kukwambia, mdomo ukawa mzito, kwa sababu nilikuwa nimemtazama yule nyapara wako vizuri. Amevaa kofia ya pama. Ana fimbo kwapani. Mguu wa kushoto anauburuza kidogo.

Zaina, mimi nikitembea naburuza mguu wa kushoto.

Sijui kama ulifanya kusudi au mkono wako ulijichorea tu. Sikuuliza. Ila nilikaa pale najikimbia mwenyewe kwenye kioo, na kila nikijificha najikuta nimesimama mbele yangu. Ndiyo maana nilisema nzuri, nikatoka kwenda kufunga kuku ambao mama yako alikuwa ameshawafunga.

Sasa ngoja niseme ukweli, na kwanza nikwambie naupata wapi, maana utasema baba karani wa spea anajua nini kuhusu gemu.

Ulikuwa mdogo sana lile duka la ushirika la Handeni lilipofungwa. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Tukaitwa, tukasomewa majina, tukapewa mkono wa kwaheri. Siku hizo kila mtu alikuwa anaambiwa biashara sasa ni huria, jitegemee, fungua chako. Wenzangu walifungua maduka ya mitumba. Mimi nikaja Korogwe, nikanunua televisheni moja na mashine mbili za gemu zilizotumika, nikapigilia kibanda cha mabanzi karibu na stendi. Watu wa kijijini kwetu Kang'ata walisikitika. Walisema Rajabu amesoma mpaka akawa karani, sasa anawachezesha watu katuni.

Miaka minane, kabla sijaja kwenye duka hili la spea, nilikaa nyuma ya migongo ya wachezaji. Sikuwahi kucheza vizuri, vidole vyangu vizito. Lakini nilitazama. Na katika gemu zote ilikuwepo moja ya kunyata, mtu anaingia kwenye ngome yenye theluji na walinzi kila kona. Lugha yake hakuna aliyeijua. Kibwana, huyu mtoto wa huyo anayekusuka, wakati huo ndiyo anaanza kupiga debe stendi, basi likiondoka tu anakimbilia kwangu. Alikuwa anacheza na mwili mzima. Mtu wake akichungulia kona, na yeye anapindisha shingo, anamchungulia jirani yake kwenye benchi.

Kitu nilichojifunza pale ni hiki. Mtu akikamatwa kwa haki, anacheka. Anasema, "Aaa, mimi mwenyewe, nilikuwa na haraka," anarudia tena. Mtu akikamatwa kwa kuonewa, anatupa pedi ya kuchezea chini na kuniambia, "Rajabu, nirudishie hela yangu." Kukamatwa ni kulekule. Tofauti ni kama alipewa dalili akaipuuza, au hakupewa kabisa. Ningeweza kufumba macho nikajua kwa kusikiliza tu ni mlinzi gani kamkamata, yule wa haki au yule mwingine.

Na wiki iliyopita ulimsikia Kibwana mwenyewe, ulipomchezesha hii ya kwako.

"Zaina, huyu nyapara wako si mtu, mchawi! Ana macho kisogoni."

Ukamjibu, "Ndiyo maana vibarua wanamwogopa."

"Mimi simwogopi, namchoka. Kuogopa na kuchoka ni vitu viwili, dada. Mimi wa kuchoka naenda zangu kunywa chai."

Ulicheka, lakini hukubadilisha kitu. Nilijua kwa nini hukubadilisha. Wewe unaamini nyapara wa kweli yuko hivyo. Na aliyekufundisha hivyo ni mimi.

Hapa nivute pumzi. Mama Kibwana amekugeuza, sasa unaangalia huku. Nimekupungia mkono, na wewe umenipungia.

Babu yako, baba yangu, humkumbuki, alifariki ungali mchanga. Alikuwa mtu mfupi, mkali wa sura, analima Kang'ata, mahindi na karanga. Nyumba yetu ilizungukwa na ua wa minyaa, na kila akitoka shamba, akifika pale kwenye minyaa, kabla hajaonekana, anakohoa. Kikohozi kikubwa, mara mbili. Mimi wakati huo niko ndani nimekalia kiti chake, redio yake iko wazi nasikiliza muziki, redio ambayo nilikatazwa kuigusa kwa sababu betri zilikuwa hazipatikani. Nikisikia kile kikohozi nazima, nairudisha kwenye msumari wake, nachota maji ya kunawa, nasimama mlangoni. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Anakaa. Anaishika redio, anasema, "Redio leo ina joto." Basi. Anawasha taarifa ya habari.

Miaka yote nilijiona mjanja. Nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi mzee anavyokohoa ovyo kifua kibovu, nami nampiga chenga. Alipofariki, tumekaa msibani, nikamwambia mama yangu, bibi yako huyu anayekupenda, "Mama, kile kifua cha mzee tungekitibu mapema." Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Kifua gani? Baba yako hakuwa na kikohozi hata siku moja. Alikuwa anakupigia hodi wewe na redio yako."

Nilikuwa na mke na mtoto, na ndiyo kwanza naelewa. Alikuwa akijua siku zote. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudisha kitu mahali pake mwenyewe, kwa mkono wangu, bila aibu. Na mimi nilikuwa nakirudisha. Hata siku moja sikumharibia redio.

Nikaanza na mimi kukohoa. Pengine utasema hukumbuki tulivyokuwa zamani, lakini naamini unakumbuka. Nikitoka kibandani nafika kwenye kona ya nyumba, nakohoa mara mbili, ndani nasikia sufuria inafunikwa, miguu inakimbia, kicheko kinazibwa kwa mkono. Naingia wewe na mama yako mmekaa kama watu wanaosubiri mahubiri, midomo inang'aa mafuta, na mboga imepungua. Nilikuwa nasema, "Nyama ya leo imesinyaa." Mnaangua kicheko. Sikuwahi kuwa na furaha kuliko siku zile.

Sasa lile la Ijumaa.

Nilikuwa nimekukataza usikanyage kibandani. Nilisema ni mahali pa wanaume na matusi ya stendi, ambayo ilikuwa kweli, na nilisema gemu si za watoto wa kike, ambayo nilisema tu kwa sababu kila mtu alikuwa anasema. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ijumaa nafunga kibanda naenda msikitini, ufunguo nauacha kwenye mfuko wa koti ukutani. Nikaanza kuona mambo. Nikirudi, mashine ina vuguvugu. Benchi limesogezwa karibu, kama la mtu wa miguu mifupi. Na ile gemu ya ngome, ambayo ilikuwa inahifadhi pale mtu alipofikia, siku moja Kibwana kaifungua akapiga kelele.

"Rajabu! Nani kavuka daraja? Mimi daraja hili mwezi wa pili huu limenishinda! Una jini humu ndani, na jini lako linacheza kuliko mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Jini wapi, ni binti yake. Akienda kusali tu, mtoto anaingia."

Zaina, nikwambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Kabla ya hasira, nilifurahi. Kwa muda mfupi tu, kifua kilijaa. Mtoto wangu kavuka daraja. Lakini walikuwa wanacheka, na mimi nikachagua kusikia kicheko chao.

Ijumaa iliyofuata sikwenda msikitini. Nilivaa kanzu kama mtu anayekwenda, nikakuaga, nikazunguka nyuma ya soko. Nikavua kandambili, nikazishika mkononi. Nikaja kwa nyuma ya kibanda miguu mitupu, na mguu wangu huu mbovu niliuinua usiburuze. Mlango ulikuwa umeurudishia. Nikausukuma polepole, nikasimama nyuma yako.

Sikukukamata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisimama muda mrefu, nikakutazama unavyocheza. Sauti ya televisheni ulikuwa umeizima kabisa. Midomo yako ilikuwa inahesabu, moja, mbili, tatu, mlinzi anageuka, unapita. Pembeni, kwenye benchi, kulikuwa na daftari la shule, na ndani yake umechora ngome nzima kwa kalamu ya risasi, kila mlinzi na njia yake kwa mishale midogo, pale anapoanzia, pale anapogeukia, hatua ngapi. Hakuna mwanamume hata mmoja pale stendi aliyewahi kufanya hivyo. Nilikuwa na kikohozi hapa kooni. Kilikuja chenyewe, kwa mazoea. Nikakimeza.

Kilichofuata unakijua. Nilikushika, nikakutoa nje, nikakuchapa kwa waya wa mashine, wakati watu ndiyo wanatoka msikitini. Halafu daftari nikaliweka kwenye jiko la mama ntilie, mwenyewe yule mama akisema, "Baba Zaina, acha, la shule hilo." Hukulia. Ulisimama pale ukitazama jiko, ukasema maneno mawili, bila kelele:

"Baba, hukukohoa."

Nilikuzaba kofi kwa hilo neno. Nilidhani ni jeuri.

Baada ya hapo ukawa mtoto mzuri sana. Watu walinisifu. Ulikuwa hujifichi tena. Ulikuwa unatembea kwa kishindo ili nisikie uliko. "Baba, naenda bombani." "Baba, nimerudi kutoka bombani." Kama askari anavyoripoti. Ukaanza kuniamkia shikamoo kama unavyomwamkia afisa aliyekuja kukagua. Nikirudi nyumbani, hakuna sufuria inayofunikwa wala kicheko kinachozibwa. Nyama ilikuwa inanikuta yote. Na mimi nikaacha kukohoa, kwa sababu kila nikifika pale kwenye kona, nilikuwa nasikia lile neno lako.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtoto anayeficha kitu chini ya mto bado anajali utakachosema ukikiona. Nyumba ambayo hakuna anayejificha si lazima iwe na heshima. Inawezekana tu watu wake wameshatoka kwenye mchezo, wamebaki kukaa getini.

Ulipojifunza kompyuta kule steshenari, sikujua. Ulipopewa ile mbovu ukaifufua, niliambiwa na mama yako. Hata gemu yenyewe, jana ndiyo mara ya kwanza kunikaribisha. Nikaharibu kwa "nzuri tu".

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Ulichukue ukiwa umekaa kwenye basi, una siku nne mpaka Jumatano, na kompyuta unayo.

Nyapara wako hana sauti. Jana nilikuuliza mbona miguu yake haisikiki, ukasema kompyuta itakuwa nzito. Lakini kuku wana sauti, Zaina. Nilikuona mwezi uliopita umeunganisha waya kutoka kwenye redio ya kanda, unawarekodi kuku wa mama yako. Kuku wa shamba zima wanalia, na nyapara peke yake ndiye bubu. Mpe sauti. Aburuze mguu, usikike kutoka mbali. Kabla ya kona akohoe. Usiogope kwamba atakuwa laini. Ukimsikia mtu anakuja na hujui pa kujibanza, moyo unakwenda mbio kuliko ukishtukizwa. Babu yako alikuwa anaogopwa sana, na alikuwa anakohoa kila siku.

Akiona kitu, asikamate papo hapo. Asimame kwanza. Aseme, "Nani huyo?" Ndipo aanze kuja. Katikati ya "nani huyo" na mkono wake, kibarua awe na nafasi ya kuzunguka marobota na kutokea upande wa pili. Wachezaji wangu kibandani walikuwa wanaishi humo, katika ile nafasi ndogo. Walikuwa wanasimama kwenye benchi. Wakiponea hapo walikuwa wanasimulia stendi nzima, hata kama gemu yenyewe hawakuimaliza.

Kivuli chako kinadanganya. Pale stooni nilisimama kwenye giza na akaniona, na pale uwanjani nilipita kwenye jua hakuniona. Kama mimi naona kiza, na yeye aone kiza. Mtu atakubali sheria ngumu namna yoyote, ila isibadilike baada ya yeye kuitii.

Halafu usinirudishe getini. Tafadhali. Mtu akikamatwa stooni, apoteze kitu, sawa. Apokonywe panga lake, nyapara awaamshe wenzake, taa iwashwe, kazi iwe ngumu zaidi. Lakini abaki stooni, na lile alilokwisha kulifanya libaki limefanyika. Mimi nilichoma daftari zima kwa kosa la siku moja. Nilikurudisha getini, mwanangu, na mishale yako yote ikawa majivu. Usiwafanyie hivyo watu wa Jumatano.

Na wala usiende upande ule mwingine ukanifanya mjinga kwa huruma. Kibandani niliwahi kuleta gemu ambayo walinzi wake walikuwa mabwege, unapita mbele yao wanatazama ukuta. Kibwana aliwapigia miluzi, akacheka siku mbili, siku ya tatu akasema, "Hawa hawanihitaji," hakuigusa tena. Nyapara awe na macho. Ila awe na maisha pia. Asimame kuvuta tumbaku pale kwenye mizani. Akawatupie kuku mahindi, maana kuku umeshawaweka na hawana kazi. Mtu mwenye mazoea yake anaweza kusomwa. Wewe ulikuwa unawasoma walinzi wa ngome kwa kalamu ya risasi, na mimi baba yako nilikuwa nasomeka vilevile, mpaka Ijumaa ile nilipovua kandambili.

Nimeandika mengi na Mama Kibwana amebakiza mstari mmoja. Haraka haraka nikwambie kuhusu kanda.

Asubuhi, ulipokwenda Makuyuni kumuaga shangazi yako, nilichukua ile redio, nikatia kanda tupu, nikasimama pale kwenye kona ya nyumba. Nimekohoa. Nimekohoa nikiwa mbali, nikiwa karibu, nikiwa mlangoni kabisa, na kuna kimoja cha mtu aliyeona kitu lakini hajawa na uhakika. Hicho kilinisumbua, nimekirudia mara sita. Miaka mingi sijakohoa hivi, kifua kilikuwa kimesahau. Na ukisikiliza vizuri, baada ya kile cha kwanza kuna mlio wa mfuniko. Ni mama yako. Alikuwa jikoni anaonja mboga, kusikia tu, akafunika sufuria akasimama wima kama zamani. Tukatazamana. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akajifuta macho na ncha ya kanga, na si kwa kicheko tu. Amesema usiukate ule mfuniko.

Kanda iko ndani ya mfuko wa karanga zako za njiani, chini kabisa, na barua hii nitaikunja humohumo. Ukitaka, kikohozi hicho mpe nyapara. Ni chako, ukiona hakifai weka cha mtu mwingine, sitauliza. Ila lile neno lako la siku ile halikuwa jeuri. Lilikuwa kweli. Ninakuomba radhi kwa kofi, kwa waya, kwa daftari, na kwa miguu mitupu kuliko vyote.

Na hata wale watatu wakiiacha njiani Jumatano, hapa si getini. Ukirudi, utaendelea pale ulipofikia.

Sasa umesimama, unajishika kichwa, unamshukuru Mama Kibwana. Umevuka barabara, unaelekea nyumbani, hukuangalia huku. Mama yako aliniambia kwa siri kwamba mna jambo mnalipika kwa ajili yangu leo jioni na sitakiwi kujua. Basi sijui.

Nafunga duka. Nakuja taratibu, viatu viko miguuni. Nikifika kwenye kona nitakohoa mara mbili, na kama mna cha kuficha, mna muda wa kutosha.

Baba yako,
Rajabu